Eka Tatu za Babu na Nusu Hekta ya Mbah

Kijiji nilichoishi kiko kwenye milima ya Menoreh, tarafa ya Samigaluh, wilaya ya Kulon Progo, magharibi ya mji wa Yogyakarta katika kisiwa cha Java. Nilikwenda Indonesia kusomea kilimo kwa ufadhili wa serikali yao. Chuo kilikuwa mjini, lakini utafiti wangu ulinipeleka mlimani, na nilipomaliza kukusanya nilichotumwa nikaomba kuendelea kukaa. Wenyeji wangu walikuwa wazee wawili, Mbah Kakung na Mbah Putri, yaani babu na bibi, na ndivyo mtaa mzima ulivyowaita. Mimi nikawa Mas, yaani kaka, kama kijana mwingine yeyote pale.

Ni kijiji kimya. Saa nne asubuhi unaweza kutembea kutoka nyumba ya chini kabisa mpaka msikitini usikutane na mtu ila kuku na bibi mmoja anayeanika muhogo. Mtu akipasua kuni bonde la pili, unamsikia. Wageni wa mjini hukisifia sana kimya hicho, wakapiga picha za ukungu, wakashuka. Mimi nimekulia Pemba, najua kimya cha kijiji kinatokana na nini. Vijana wameondoka. Ndiyo maana nilitaka kujua wale waliobaki wanaishije, na kama kuna lolote la kumfanya kijana arudi.

Karafuu ndizo zilizonifungulia mlango. Mbah Kakung alinitembeza kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba, akaupiga kofi mkarafuu mmoja mnene, akasema, "Huu ni Zanzibar." Kumbe kwao Zanzibar ni aina ya mkarafuu, na ndiyo inayopandwa kwa wingi kuliko nyingine nchini Indonesia. Nikamwambia mimi ndiko nitokako. Akanitazama, akaita jirani, jirani akaita mwingine, na jioni ile sebuleni hapakuwa na nafasi ya kukaa.

Mkarafuu umezunguka dunia mpaka kufika pale. Asili yake ni Maluku, visiwa vya mashariki ya Indonesia hiyohiyo. Katika karne ya 18 Wafaransa walitorosha miche wakaipeleka Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja na Pemba. Baadaye Wajava wakaanza kutia karafuu kwenye sigara zao za kretek, kazi iliyoanzia mji wa Kudus, na mahitaji yakawa makubwa kiasi kwamba nchi yenye asili ya karafuu ikawa mteja mkubwa wa karafuu za Zanzibar. Halafu Indonesia ikaamua kupanda zake. Ilipofika miaka ya 1980 wakajitosheleza, na sisi tukabaki na magunia. Nyumbani habari hiyo nimeisikia tangu utotoni upande mmoja tu, upande wa wenye karafuu zisizonunuliwa. Kumsikiliza Mbah akisimulia jinsi serikali yake ilivyowahimiza wapande, na jinsi alivyobeba miche mgongoni kutoka bondeni, kulinipa upande wa pili.

Na wao pia yaliwafika. Katika miaka ya 1990 ununuzi wa karafuu Indonesia nzima uliwekwa mikononi mwa bodi moja, iliyoongozwa na mtoto wa Rais Suharto. Bei ya mkulima ikaporomoka. Mbah anasema watu waliacha kuchuma, wengine wakakata miti wakafanya kuni. Bodi hiyo ilivunjwa mwaka 1998, na tangu hapo mkulima anauza kwa amtakaye. Kwetu Zanzibar bado mnunuzi ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Manufaa ya kuwa na bei inayojulikana mapema nayajua, baba yangu anayategemea. Lakini nilichokiona kwa Mbah ni kitu kingine kabisa: gunia la karafuu kavu limekaa darini, halina haraka. Karafuu ikikauka vizuri haiozi. Bei ikiwa chini, gunia linakaa. Paa likivuja, Mbah anapima kilo kadhaa, anatia kwenye mfuko, anashuka nazo sokoni.

Hapo ndipo nilipoanza kuliangalia shamba lao kwa makini, na ndipo penye jambo kubwa nililojifunza.

Ardhi yote ya Mbah, pamoja na uwanja wa nyumba, haifiki nusu hekta. Hilo si ajabu Java. Sensa ya kilimo ya Indonesia ya mwaka 2023 ilihesabu karibu kaya milioni 17 za wakulima wenye chini ya nusu hekta, na idadi hiyo imepanda tangu sensa ya 2013, kwa sababu kila mzee akifariki ardhi hugawanywa tena. Sasa fikiri: babu yangu mzaa baba alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, zaidi ya mara mbili ya alichonacho Mbah. Eka zote tatu ni mikarafuu, na muhogo kidogo pembeni. Mwaka wa karafuu nyingi tunanunua mabati. Mwaka wa karafuu chache tunakopa dukani mpaka mwenye duka anaacha kutuitikia salamu. Nyumba ya Mbah sikuiona ikikopa dukani.

Siri yake ni kwamba kila kitu shambani kwake kina wakati wake wa kutoa fedha. Minazi inatoa kila siku, kwa sababu inagemwa. Ndizi, muhogo, fenesi na majani ya mboga ni ya jikoni, na ziada inakwenda sokoni. Kalenda yao ya Kijava ina juma la siku tano, na soko la pale hufunguka siku mbili kati ya hizo. Mbuzi ni ada ya skuli: mjukuu akitaka kuingia sekondari, beberu anauzwa. Karafuu ni za mahitaji ya mwaka. Na mpakani amepanda miti ya mbao, sengon inayokua upesi kwa miaka sita au saba, na mahogani ya kungoja zaidi. Miti hiyo haikatwi kwa sababu imekomaa. Inakatwa siku kunapokuwa na harusi, mgonjwa au chumba cha kujenga, na ukikatwa mmoja unapandwa mwingine. Wataalamu wa misitu huulalamikia utaratibu huu kwamba mti unauzwa mwembamba kwa bei ndogo. Wanasema kweli. Ila hawakumwona Mbah Putri siku alipopelekwa hospitali, na mnunuzi wa mbao amefika asubuhi yake.

Minazi inastahili maneno yake. Kwetu pwani mnazi ukigemwa ni kwa ajili ya tembo, na mgema jina lake linajulikana. Kule wanagema ili wapike sukari guru. Mbah Kakung alikwea alfajiri na jioni, kila siku, Idi na si Idi. Vidato vimekatwa kwenye shina kama vya kwetu, kotama kiunoni, na kibuyu chao ni pingili ya mwanzi, siku hizi hata dumu la plastiki. Ndani ya chombo wanatia chokaa kidogo ili maji yanayogemwa yasichachuke. Yakichacha, sukari haigandi, na jasho la siku nzima limekwenda.

Akishuka, kazi inakuwa ya Mbah Putri. Karai kubwa linakaa kwenye jiko la udongo kwa saa nne hivi. Mwanzo maji ni meupe, yanatoa povu jingi, na yakitaka kumwagika anatupia chembe za nazi iliyokunwa, povu linanywea papo hapo. Anaengua uchafu kwa upawa. Rangi inageuka, inakuwa ya asali, kisha ya kahawia. Anachota tone, analidondosha kwenye bakuli la maji baridi: likiwa gumu, karai linaepuliwa haraka. Hapo mwanamke wa zamani angemimina kwenye vifuu ipate umbo la vidonge, na wengine bado wanafanya hivyo. Mbah Putri anakoroga mpaka inapoa na kuvunjikavunjika, halafu anaisaga kwa mgongo wa kifuu, mizunguko midogo midogo, mpaka inakuwa chembechembe, anachekecha, anaanika. Sukari ya chembechembe inanunuliwa kwa bei nzuri kuliko ya vidonge, kwa kuwa inasafirishwa nje ya nchi. Ushirika unaoinunua umewaandikisha wagema mmoja mmoja, na mkaguzi anakuja kutazama kama shambani hakuna dawa na kama jikoni hakuna kuku. Mwanzoni Mbah Putri aliona ni usumbufu, kuku wake wafukuzwe jikoni kwa ajili ya mtu wa Ulaya asiyemjua. Alipoona tofauti ya bei, akawajengea kuku banda.

Nilikaa naye jikoni asubuhi nyingi. Moshi unauma macho, kuni zinakula nguvu za mtu, na fedha inayopatikana kwa siku ni ndogo. Lakini ipo. Kesho yake ipo tena. Mwenye nyumba inayoingiza kidogo kila siku anaweza kuacha gunia la karafuu darini. Asiye na cha kila siku lazima auze karafuu zake siku ileile, tena kwa bei ya mwenzake. Nilisoma uchumi wa kilimo darasani, na hesabu hii sikuwahi kuielewa vizuri mpaka nilipoiona imeanikwa kwenye ungo.

Lakini nani atakwea minazi hiyo kesho? Wagema wanaanguka. Mtaani pale yuko mzee anayetembea kwa magongo kwa sababu hiyo, na kila familia ina jina la mtu wake. Hawafungi kamba kwa sababu kamba inachelewesha, na minazi ni mingi. Maofisa wa kilimo wanahimiza minazi mifupi inayogemwa mtu akiwa amesimama chini, na waliopanda wameanza kugema. Ni jambo jema sana, ila linahitaji ardhi na miaka ya kungoja, na mwenye nusu hekta hana pa kungojea.

Mtoto wa kiume wa Mbah yuko Batam, kisiwa cha viwanda kilicho jirani na Singapore. Hesabu yake ni nyepesi. Mwaka 2024 kima cha chini cha mshahara Kulon Progo kilikuwa kama rupia milioni 2.2 kwa mwezi, na Batam zaidi ya milioni 4.6. Kwa tofauti hiyo hakuna hotuba ya uzalendo wa kijiji itakayomzuia mtu. Wengine wamekwenda Jakarta, wengine Malaysia na Taiwan, na wanaojifunza Kijapani wanakwenda Japani kwa mikataba ya kazi. Lebaran, yaani Idi ya mfunguo mosi, wanarudi wote kwa wakati mmoja. Barabara inajaa pikipiki, watoto wasiojua Kijava cha heshima wanafundishwa kuwasalimia wazee, na baada ya wiki moja kijiji kinarudi kuwa cha wazee. Mkoa wa Yogyakarta ndio wenye sehemu kubwa zaidi ya wazee kuliko mikoa yote ya Indonesia, na kule mlimani huhitaji takwimu kulijua hilo. Serikali imehimiza watoto wawili tu kwa kila familia tangu miaka ya 1970, na watu wakaitika. Sasa kuna skuli za msingi zinazounganishwa kwa kukosa watoto. Kwa mtu wa Pemba, ambako darasa moja lina watoto wa kukaa chini, kuliona darasa la watoto sita ni jambo la kuumiza kwa namna ambayo sikuitarajia.

Kinachowashika waliobaki ni mambo madogo ya kila wiki. Nje ya kila nyumba kumetundikwa kikopo, na humo mwenye nyumba anaweka sarafu ya rupia 500. Wanaume wa zamu ya ulinzi wanapita usiku kukusanya. Zamani ilikuwa konzi ya mchele. Sarafu hizo ndizo zilizonunua taa za njiani, viti na maturubai ya shughuli, na ndizo zinazokwenda kumwona mgonjwa. Sarafu isipowekwa usiku mbili tatu, mtu anakuja asubuhi kuuliza kama mko wazima. Nilipenda sana jambo hilo, kwa sababu mzee anayeishi peke yake hawezi kuanguka ndani ya nyumba yake akasahauliwa. Kila baada ya siku 35, Jumapili inapokutana na siku moja maalumu ya lile juma lao la siku tano, kaya zote za mtaa zinakaa mkekani, hesabu inasomwa mpaka sarafu ya mwisho, chai inanywewa, na anayetaka kuuliza anauliza.

Shughuli nazo ni za wote. Kukiwa na harusi, wanawake wanahamia jikoni kwa mwenye shughuli siku kadhaa kabla. Akifa mtu, kisomo kinafanywa na sinia zinaletwa, na mimi niliyezoea hitima na arobaini sikujiona mgeni hata kidogo. Lakini ukarimu huu una bei yake, na wanaouimba hawaitaji. Kila mchango unaandikwa kwenye daftari: nani alileta mchele kilo ngapi, sukari kiasi gani, bahasha ya rupia ngapi. Siku ya shughuli yake unatakiwa urudishe usipungue. Katika miezi ya harusi niliona Mbah Putri akitoa bahasha mfululizo mpaka fedha ya sukari yote ikaishia kwenye harusi za watu. Mjane mmoja aliuza mbuzi wa ada kwa sababu ya michango. Hapo naona wazee wanahitaji ujasiri wa kukubaliana kiwango cha juu, na mitaa mingine imeshafanya hivyo.

Halafu kuna fedha za serikali. Sheria ya vijiji namba 6 ya mwaka 2014 iliamua kwamba kila kijiji cha Indonesia kipate fungu lake moja kwa moja kutoka bajeti ya taifa. Mwaka 2015 fungu hilo lilikuwa kama rupia trilioni 20.7 kwa vijiji vyote, na mwaka 2023 lilifikia trilioni 70. Vijiji ni kama 75,000, kwa hiyo mwaka huo kila kimoja kilishika karibu rupia bilioni moja. Mbele ya ofisi ya kijiji pametundikwa bango kubwa lenye mapato na matumizi, tarakimu hadharani, na watu wanasimama na pikipiki zao wakalisoma. Wizi haukuisha kwa bango. Wako wakuu wa vijiji Indonesia waliofungwa kwa kula fedha hizo. Ila mtaani kwetu nilimsikia mama muuza mboga akimuuliza mkuu wa kitongoji kwa nini kipande cha zege kilichoandikwa mita mia hakifiki mita mia. Alimuuliza kwa adabu, kwa Kijava cha heshima, na jibu lilipatikana wiki hiyohiyo. Ningelipa nauli kumpeleka kila sheha wa kwetu akamsikilize mama yule.

Matarajio mapya yapo, na yana mashaka yake. Uwanja mpya wa ndege wa Yogyakarta ulifunguliwa mwaka 2019 palepale Kulon Progo, ufukweni Temon, na kuna mpango wa barabara ya kukata milima ya Menoreh kutoka uwanjani hadi Borobudur, hekalu kubwa la Kibudha la karne ya 9. Ikikamilika, watalii watapita mlangoni. Tayari wako wenye vyumba vya wageni karibu na mashamba ya chai. Wako pia watu wa mjini wanaoulizia bei ya ardhi, na hilo linanitia hofu kuliko maporomoko ya mvua za Januari, maana mteremko ukiporomoka watu wanakusanyika na majembe, lakini ardhi ikiuzwa hakuna anayegonga kengele.

Niliyemwekea matumaini zaidi ni kijana mmoja wa nyumba ya juu. Alirudi kutoka Japani na akiba yake, baba yake akataka ajenge nyumba ya ghorofa ionekane barabarani. Yeye akajenga banda la mbuzi wa Etawa, wale warefu wenye masikio yaliyoning'inia, wanaozalishwa sana Kaligesing upande wa pili wa mlima. Banda limeinuliwa, sakafu ni ya mianzi yenye nafasi, mbolea inadondoka chini inakwenda kwenye mikarafuu na minazi. Anauza maziwa, anauza watoto wa mbuzi, na mbolea anawauzia majirani. Nilimuuliza kwa nini hakubaki kiwandani. Alinijibu kwamba kule alikuwa anajua bei ya saa yake moja, na akarudi na hesabu hiyo nyumbani: akaorodhesha kila kazi ya kijijini na saa inazokula, akachagua inayolipa saa yake vizuri zaidi. Kugema hakumo. Anasema wazi kwamba minazi mirefu hataikwea, na simlaumu.

Nilirudi Pemba na daftari langu. Baba alinisikiliza siku tatu kabla ya kunipa robo eka ya pembeni, kule ambako mikarafuu imekufa kwa uzee, na sharti lake ni kwamba mikarafuu mingine isiguswe. Nimeweka mbuzi wanne, mafenesi, migomba, na mstari wa minazi mifupi. Mdogo wangu, aliyekuwa ameshafunga mkoba wa kwenda Unguja, ameomba kusimamia mbuzi kwa mwaka mmoja kwanza, na tumeandikiana: maziwa ni yake, mbolea ni ya shamba, na watoto wa mbuzi tunagawana. Karafuu za msimu huu zilipochumwa, mama alizianika na kuzipeleka kituoni kama kawaida. Ila dukani hatukukopa tangu Ramadhani, kwa sababu ya ndizi na maziwa, na mwenye duka ndiye sasa anayetutangulia kwa salamu.